Dawa ya Kifua Iliyoandikwa

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na saba, ndipo shida zilipotukuta. Baba alikuwa ameshakwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga na hakurudi, wala barua. Mama na mimi tukahamishwa kutoka kwenye migomba yetu upande wa Kitanga, huku kwetu Kasulu, tukawekwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara, tukapewa kiwanja na jua. Mama alianza kukohoa hata nyumba hatujamaliza kuezeka.

Shule nimeishia darasa la tatu na sioni haya kulisema. Kiswahili nilikipatia jikoni Kasulu, kwa mwenye duka mmoja ambaye mke wake alitoka pwani. Yule mama alikuwa akinisahihisha huku ameshika mwiko. Nilimchukia, lakini kazi ya kwanza ya heshima niliyoipata maishani niliipata kwa Kiswahili chake.

Alikuja dada mmoja wa chuo kikuu, kutoka Dar es Salaam, na sanduku la karatasi. Alitaka kujua watu wakiugua wanaanzia wapi: zahanati, kwa mganga, dukani au gulioni, na dawa wanainunuaje. Kina mama wa kwetu walijua Kiha tu. Mwenyekiti wa kijiji akanionyesha kwa kidole, akamwambia, "Mchukue huyu. Ana mdomo."

Tulizunguka nyumba kwa nyumba. "Mwakeye," tunasalimia, tunapewa vigoda, dada anauliza, mimi nageuza. Aliomba kuona dawa zilizomo ndani. Zilitolewa kwenye fundo la kanga, kwenye kibuyu, chini ya mkeka. Nyingi zilikuwa vidonge vya rangi mbili vilivyonunuliwa gulioni kimoja kimoja, bila karatasi. Mmoja alifungua kimoja akamwaga unga wake kwenye kidonda cha mguu. Mwingine aliwagawia watoto wawili, huyu nusu, huyu nusu. Na wote walikubaliana kwamba chekundu kinaongeza damu. Dada alivichora kwa penseli za rangi, kila kimoja na rangi yake, wala hakucheka. Nilishazoea watu wa mjini kutucheka. Nilimpenda kwa hilo.

Sasa nieleze kosa letu, maana mgeni hawezi kulielewa. Katika kijiji kile, orodha ya kwanza kuandikwa ilikuwa ya majembe. Ya pili ilikuwa ya mahindi ya njano ya msaada, njaa ilipoingia. Aliyekuwepo akaandikwa alipata, na aliyekuwa shambani siku hiyo alikosa. Basi watu wakajua kuandikwa ni kupewa. (Majirani zetu waliokimbia mauaji ya Burundi ndio peke yao walioiogopa karatasi. Wakiiona tu, wanapita mlango wa nyuma. Huko kwao orodha iliwaletea mengine.)

Kwa hiyo tulipouliza magonjwa, watu waliyataja kama wanaagiza dukani.

"Mjukuu wangu, niandikie na macho," bibi mmoja aliniambia.

"Bibi, macho yako yanamwona kuku wangu akiwa mtaa wa pili."

"Yanamwona, lakini yanachoka. Andika. Na mgongo. Na wa mume wangu, hata kama ameshakufa, andika, nitautumia mimi."

Siku ya tatu dada alishtuka. Aliniangalia akasema, "Hawa wanadhani nitawaletea dawa. Waambie wazi: mimi nauliza tu. Sina dawa, na sitatuma dawa."

Wakati huo tulikuwa uani kwetu. Kina mama kama kumi walikuwa wamekaa, na mama yangu mbele yao. Nikawageukia nikasema kwa Kiha, "Anasema asanteni kwa kumpokea."

Nilifupisha. Sina neno zuri zaidi la kuliitia jambo lile. Nilijua nikisema kweli milango itafungwa, na kazi itakwisha. Na nilipenda kuletewa kigoda na wazee ambao juzi tu walinituma maji. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilibeba daftari.

Zamu ya mama ikafika. Dada akamuuliza anaumwa nini. Mama alitaja kimoja. "Kifua."

Jirani yake akamgusa ubavuni kwa kiwiko. "Taja na tumbo, we mama. Kalamu si yako."

"Nikitaja mengi wataniletea ya tumbo wasahau ya kifua," mama akasema. "Andika kifua. Kiandike vizuri."

Nikamgeuzia dada neno moja, naye akaliandika.

Dada aliondoka na lori la kwenda Kasulu. Tangu hapo, siku za basi la Kibondo, mama alijifunga kanga safi akakaa kando ya barabara. Basi likisimama anainuka, linaondoka anakaa. Nilimwambia twende Kabanga, hospitali ya misheni, wanatibu vifua. Nilimwambia mara ya pili, nikamwambia tena alipoanza kutema damu kwenye majani ya mgomba na kuyafukia ili nisione.

"Niende nikasukumane na wagonjwa wa watu," akasema, "na mimi yangu iko njiani?"

Miezi ikapita. Alipokonda mpaka bangili zikawa zinamwanguka, nilikwenda nikakaa naye kule barabarani, mchana, tukiangalia vumbi.

"Mama, hakuna dawa inayokuja."

"Umepata barua?"

"Hapana. Alisema siku ile ile, uani kwetu. Alisema hatatuma. Mimi sikuwaambia."

Basi likapita, na safari hii hakuinuka.

"Ulijua, ukaniacha nikae hapa kama mtu anayeuza ndizi."

"Nilijua."

"Walikuwa wanakupa kigoda," akasema. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisamehe au ananihukumu, na umri wangu umeshapita ule aliofia yeye.

Kesho yake wanaume wa kijiji walimbeba kwa machela hadi Kabanga. Huko alipigwa sindano kila siku, hawakumnyima kitu. Muuguzi aliniuliza kwa upole mbona tumechelewa, nikasema njia ni mbaya. Wiki ya sita mama alifariki.

Alipokuwa hai alikuwa akinikera na kikohozi chake, nikiwa upande wa pili wa ukuta wa matete. Siku hizi akija mama wa umri ule akakohoa kwenye benchi la duka langu la dawa, huwa namwacha amalize bila kumuuliza kitu. Nasikiliza. Kuna mmoja alikohoa sawasawa na yeye, kile cha mwisho kinachovutwa, nikamwomba akae kidogo anywe chai.

Nilifagia zahanati, nikauza chumvi, nikajifunza majina ya dawa kwa kuyasoma kwenye maboksi matupu. Dukani kwangu mtu akiomba kidonge kimoja cha rangi mbili simuuzii. Namwambia nenda hospitali, na nikisema sina, sina. Wananiita mkali. Wanafunzi wa chuo bado wanakuja na maswali yao, siku hizi kwenye simu, na mlangoni kwangu lazima kwanza waniambie nini hawakuleta, mbele ya wateja, nami nalitangaza kwa Kiha, neno kwa neno.

Leo nina duka la dawa Kibondo, lenye leseni. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati. Ekari tatu za migomba na kahawa. Ng'ombe wawili na ndama. Jokofu. Pikipiki, anaiendesha mwanangu. Kaburi la mama nimelijengea kwa saruji. Picha yake sina.