Mukonge wa Mupaka

Watu wakiniuliza nani alichukua shamba yetu ya Mulekera, hapa Beni, wanangoja niseme ni batu ba panga. Hapana. Wale waliua ndugu zangu wawili na kuchoma nyumba. Shamba alichukua jirani, na chef wa quartier, mukubwa wa mutaa, akamusaidia.

Mupaka wetu ulikuwa mustari wa mukonge. Mama aliupanda kabla sijazaliwa. Tulikata majani, tukayakwaruza kwa kisu hadi zinabaki nyuzi nyeupe, tukasokota kamba za mbuzi na zile za kubebea mizigo, zinazopita kwenye paji la uso. Mimi ni wa mukono wa kushoto, donc kamba zangu zinajipinda kinyume na za wengine. Sokoni walizicheka, mais walizinunua.

Miaka mitatu tulikuwa wakimbizi Butembo, kule Kimemi, watu tisa chumba kimoja. Niliporudi Beni, mukonge wa mama haukuwepo. Watoto wa ule mukonge, machipukizi yake, walikuwa wamepandwa katikati ya shamba yetu, mustari umenyooka kabisa.

Nikaita chef. Alikuja pamoja na jirani.

"Mama, mupaka njo ule," chef akasema. "Mukonge haina miguu."

"Iko nayo, chef. Miguu ya huyu."

Jirani akacheka. "Mama mukimbizi, ulikawia. Unasahau hata kwenu."

Nilichukua jembe, nikachimba ndani ya maharage yake, kwenye mustari wa zamani. Jembe likagonga visiki vya mukonge. Chef aliangalia saa. "Kuya kesho na karatasi ya shamba." Alijua karatasi iliungua na nyumba.

Kesho yake nilienda hivyo hivyo, bila karatasi. Kwenye uwanja wa chef kulikuwa mbuzi mugeni, amefungwa kwa kamba ya mukonge. Niliinama nikaishika. Ilijipinda kinyume. Niliiacha shambani siku ile tunakimbia, pale jirani analima sasa.

Chef alikuwa ameisha andika: mupaka ni mukonge unaoonekana.

Jirani ananiruhusu kukata majani. "Ni ya mama yako," anasema. Ninakata, sina kazi ingine. Musimu huu muke wake aliniomba kamba ya kubebea, nikamusokotea. Jana alipita mbele yangu ameinama, kamba yangu imemukaza paji la uso, maharage ya shamba yetu mugongoni.

"Aksanti, mama. Hii haikatike."

Ninajua.