Leso ya Regina Kwenye Fensi

Miaka ishirini na saba Mugendi alipandisha wageni mlima wa Kiathiga, ndani ya mbuga kavu inayopakana na shamba lake huku chini Mbeere. Mlima wenyewe ni mawe na miiba. Mvua huuona ikapita mbali, kama jamaa asiyetaka kusalimia. Mugendi aliujua jiwe kwa jiwe: wapi nyoka huota jua, wapi mgeni mnene atakaa chini aseme yeye amefika. Wala hakunywa maji mpaka wa mwisho kwenye mstari awe amekunywa. Kwa hilo alisifiwa mpaka Timau.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Mugendi mgeni alikuja, mwenyeji akabaki jikoni. Kila mwaka Regina, mkewe, alimwambia, "Baba Njue, nipeleke na mimi."

"Ukaangalie mawe? Ya hapa hayakutoshi?"

Mugendi akacheka, yakaishia hapo. Kisha goti la kulia likakataa, akastaafu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu akina mama wa kanisa wakapanga kwenda kuomba kileleni. Regina akavaa raba za Njue, mtoto wao, akaenda. Mugendi akamsindikiza na fimbo yake mpaka kwenye geti la mbuga.

"Usishike mti wowote," akamfundisha mbele ya wenzake. "Huko kila mti una kucha."

"Mimi nimechunga mbuzi kwenye hiyo miiba kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu!"

Akina mama wakaangua kicheko.

Akamngoja pale getini. Chai ya askari hakuonja, maji hakunywa, kama vile bado yuko kwenye mstari. Alitaka jambo moja tu: Regina aseme mlima ni mzuri, naye apate pa kuanzia kuomba msamaha.

Saa tisa Regina akashuka, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakaa kando yake.

"Nimeona kwetu," akasema. "Nyumba, boma la mbuzi, na leso yangu nyekundu kwenye fensi. Inaonekana wazi, Baba Njue."

"Leso gani?"

"Ile nilikuwa natandaza kila siku ukipanda, ujue sisi ni wazima. Nilifikiri unaiona, ila wewe si mtu wa maneno."

Kuiona, Mugendi aliiona. Miaka yote hiyo aliwaonyesha wageni kwa fimbo: pale penye kitu chekundu mbuga imeishia, pale ni kwa watu. Kisha akawageuza upande wa pili watafute ndovu. Hata siku moja hakujiuliza ni kwa watu gani.

Angeweza kudanganya.

"Niliiona," akasema. "Lakini sikujua ni kwangu."

Regina alimtazama, akainama kufungua kamba za raba. Akatangulia kwenda nyumbani, raba mkononi.

Asubuhi fensi ilikuwa tupu. Mugendi akaikuta leso shambani, imefungwa kwenye kijiti katikati ya mtama ulioiva.

"Mama Njue, hiyo si ya kufukuza ndege."

"Ndege wataiona," Regina akajibu, akaendelea kuchuma kunde.