Chai ya Mjane wa Kantini

Katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali walimwita Mama Pasi, maana tangu ujana wake alikuwa akinyoosha mashuka na makoti ya madaktari. Mikono ilijaa makovu ya moto, na mfuko wa aproni haukukosa kitabu. Vitabu vyenyewe aliachiwa na shemeji yake: mikusanyo ya hadithi fupi za mauaji kutoka Uingereza, zenye nyumba kubwa, mvua isiyokoma, kasisi mpole na maiti juu ya zulia.

Alizipenda kwa ufupi wake. Hadithi moja iliisha kabla mashine hazijaanza tena kunguruma. Halafu muuaji alikamatwa kila mara, jambo ambalo mtaani kwake hakuwahi kuliona. Wenzake wakataka nao wasimuliwe, akawa anawasimulia wakati wa chai, akinyamaza kabla ya mwisho ili wabishane.

"Ni yule mpwa," mmoja alisema.

"Mpwa wapi. Sumu ilikuwa kwenye chai, na mke ndiye anayetia sukari."

Wakacheka mpaka machozi.

Kisha mume wa mpishi wa kantini akafariki. Alilalamika kifua kinamuuma, akajilaza, hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Baada ya mazishi mpishi alirudi kazini, macho yamemvimba.

Siku hiyohiyo mkunja mashuka mmoja, aliyebandikwa jina la Kidomo kwa umbeya wake, akavuta kiti. "Haya. Nani alitia sukari?"

Wakaangua kicheko. Mmoja akasema mpishi hakulia vya kutosha kaburini. Mwingine akauliza kama marehemu alikuwa na bima. Walikuwa wakitafuna mkate, makombo yakiwadondoka vifuani, midomo inang'aa mafuta. Mama Pasi aliyatambua maneno yake mwenyewe. Hata ile namna ya kunyamaza kabla ya kutaja jina ilikuwa yake.

Mpishi akaingia na birika, akawamiminia wote. "Asanteni kwa kunifariji msibani, jamani," alisema.

Alipogeuka tu, Kidomo akanusa kikombe, akakunja pua, akamwaga chai kwenye karo. Wengine wakamfuata. Mpishi alikuwa bado hajavuka mlango. Aliitazama chai yake ikizunguka kwenye tundu la karo pamoja na nywele na povu chafu, kisha akaondoka.

Mama Pasi akanywa yake yote, ingawa ilimuunguza ulimi.

"Huogopi?" Kidomo aliuliza.

"Nawaogopa nyinyi. Mnatia kinyaa."

"Si wewe uliyetufundisha?"

"Maiti wa kitabuni hana mjane. Huyu marehemu alikuwa anakuja hapa kumsubiri mkewe, anawabebea vikapu vya nguo mbichi. Mmesahau?"

Mmoja alilamba mafuta vidoleni, akaurudia mkate wake.

Haikupita muda mpishi akaacha kazi. Mama Pasi alimfuata nyumbani, akamkuta anamenya vitunguu, akamwomba radhi akiwa amesimama.

"Wewe ulikunywa, niliambiwa," mpishi alisema, kisu hakikusimama. "Lakini hadithi zilikuwa zako, dada."

Hakumkaribisha kiti.

Hadithi za wakati wa chai zikaisha. Mama Pasi bado anasoma, ila kwake, mlango umefungwa. Akifika pale maiti anapoonekana, ile hamu ya kumjua muuaji humpanda kama zamani, naye hujiona kama mtu aliyefumaniwa akilamba sahani ya mgonjwa. Hujifuta mdomo kwa kiganja, akafunua ukurasa.