Mstari Nyuma ya Kapteni Hobgood

Leander Hobgood alikuwa wakili wetu huku mpakani Texas, na alikuwa na domo! Angekubishia kuwa mvua hainyeshi, na wewe umelowa chapachapa. Vitani aliongoza kikosi cha wapanda farasi. Cheo alipewa na vijana wenyewe, maana walichagua kapteni kwa kwenda kusimama nyuma ya wanayemtaka. Mwaka ule alikuwa akigombea ubunge, akiwategemea hao hao.

Wiki ya uchaguzi vijana hao wakaja kumtoa jela mteja wake, Crispín Arocha, wamnyonge. Alishtakiwa kwa kuiba farasi wa Asa Tolliver, na kesi ilikuwa kesho yake. Sherifu, mtu mzima na bastola yake, alikuwa ameshaingia mitini. Mlango wa jela ulibaki na Hobgood tu. Mimi nilichungulia kutoka duka langu la mikate.

"Pisha, Kapteni," alisema Burl Skaggs, kamba begani. "Kura zetu huzitaki?"

"Nazitaka, Burl. Pigeni sasa hivi, kama tulivyozoea. Anayetaka kunyonga asimame nyuma yako. Anayetaka kesi, nyuma yangu."

"Tuondolee maneno yako ya mahakamani!"

"Kumbe unaogopa kuhesabiwa, ndugu yangu?"

Walicheka, lakini miguu ikaelekea kwa Burl. Mmoja, kisha kundi, kisha karibu wote. Hobgood alitokwa jasho. Nilimchukia Burl siku ile, na sioni haya kusema.

Asa Tolliver alibaki katikati, akitafuna tumbaku. Akaitema.

"Farasi ni wangu," alisema. "Mwizi sikumwona. Nani kati yenu alimwona?"

Asa akavuka, akinung'unika, akasimama nyuma ya kapteni. Wengine wakamfuata, macho chini, hadi Burl akabaki na kamba yake na mpwa wake.

Kesho yake baraza la wazee wa mahakama lilimwachia Crispín. Ubunge wakampa mtu mwingine. Hawakumsamehe Hobgood kwa kuwaaibisha, mijitu ile!

Miaka mingi baadaye tulimzika. Hakuna aliyetoa amri. Walijipanga wenyewe nyuma ya jeneza, wazee sasa, Burl akiwamo. Mbele yao alitembea Crispín Arocha, kichwa kimejaa mvi, ameshika hatamu za farasi wa kapteni.