Kizibo Chekundu cha Stuttgart

Fundi Debesai wa Gejeret alikuwa na mkono wa chuma, na chuma ndicho kilichomponza. Kwa miaka thelathini kila foki ya baiskeli ya mbio, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, iliyopita mezani kwake, hapo Asmara, aliipigilia nati ya nyota ndani ya bomba lake linalopanda hadi kwenye usukani, ile nati yenye meno yanayouma kotekote. Mapigo matatu ya nyundo, kwisha. Watu walisema Debesai akishapigilia, hata shetani hawezi kuing'oa. Kisha kaboni ikaingia mjini kwenye masanduku ya ndugu wa ughaibuni, naye akaigonga vilevile. Nani angemwambia kwamba meno yale huipasua kaboni? Foki ya kwanza ya kaboni aliyoigonga ilikuwa ya Kubrom, na ikakatika kwenye mteremko wa Nefasit. Kubrom alirudi nyumbani na meno ya kununua, na mbio zikamwishia hapo.

Yapata miaka kumi sasa. Kosa moja haliachi mke, na Debesai hakuacha spana, lakini usingizi wake haukurudi kuwa ule wa zamani.

Basi fikiria moyo wake Ijumaa ile, alipomwona Mihret, binti wa huyohuyo Kubrom, kasimama mlangoni na foki mpya ya kaboni mkononi. Nyuma yake alikuwa shangazi mtu, Letenugus, aliyeshuka juzi kutoka Stuttgart. Mbio zilikuwa Jumapili, njia ileile, kushuka Nefasit na kupanda kurudi.

"Baba kasema niilete kwako," Mihret akasema.

"Kwangu mimi?"

"Kwani hapa Gejeret kuna Debesai wangapi, mzee?"

Letenugus akafungua mkoba, akatoa kizibo cha kutia ndani ya bomba la foki badala ya nati, chekundu, kinang'aa kama pete ya posa. "Nimekichagua mwenyewe. Gramu kumi na moja. Muuzaji kaniapia hakuna chepesi kuliko hiki."

Debesai akapima upana: sawasawa. Akapima urefu, akapima na shingo ya usukani pale inapolibana bomba, akapima tena. Akajikuna kidevu.

"Dada, hiki ni kifupi."

"Kifupi? Mbona wewe ni mfupi na kazi unafanya?"

Mihret akacheka ndani ya skafu yake.

"Mimi sibanwi na boliti mbili," Debesai akasema. "Kizibo hutanuka ndani, kifuniko cha juu ya bomba kikapata pa kushika. Lakini kazi kubwa ni kulikinga bomba lisibonyee. Hiki kinafika boliti ya juu tu. Ya chini inabana mahali patupu."

Akafukua mkebe wa biskuti, akatoa kizibo kirefu, cheusi, kina mikwaruzo. Sura hakikuwa nayo. Mihret akakipima kwa kiganja, uso ukamshuka.

"Uzito mara tatu, mzee. Na mlima wote ule wa kurudi."

"Nimevuka bahari nacho," Letenugus akasema, na sasa hakuwa anatania, "nawe unampa mtoto wetu makapi ya mkebe?"

Ndugu akikuletea kitu kutoka mbali, hukikatai. Hata fulana isiyokutosha unaivaa mpaka apande ndege. Debesai alilijua hilo. Hakubishana. Akalikata bomba la foki kwa urefu wa Mihret, akaokota kipande kilichobaki, akakitia kile kizibo chekundu, akakivisha shingo kuukuu ya usukani, kisha akamkabidhi mama yule spana.

"Kaza wewe. Kaza kama mtu mwenye mbio keshokutwa."

Letenugus akakaza, midomo kaibana. Boliti ya juu ikatulia. Ya chini akaizungusha, akaongeza kidogo, na kitu kikalia ndani, kwa sauti ndogo, kama njugu inavyovunjwa kwa meno. Ufa ulikuwa umepita bomba zima.

Debesai akatafuta stuli, akakaa.

"Mlio huo ulikuwepo siku ile ya foki ya Kubrom pia," akasema. "Nyundo yangu ilikuwa na kelele, sikuusikia."

Letenugus akapitisha kidole juu ya ufa. Kisha akauliza, "Hicho cheusi kinazidi gramu ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Basi Mihret, Jumapili asubuhi utaacha kipande kimoja cha himbasha. Mkate hauendi popote."

Debesai akakitia kile kirefu, akakaza kwa spana ya kipimo, akakagua, akakagua tena. Mihret akaijaribu baiskeli barabarani, akazunguka kona kwa furaha. Letenugus alibaki mlangoni.

"Dada," Debesai akasema bila kuinua macho, "mjini kuna mafundi wazuri, vijana. Kwa nini kaka yako amemtuma kwangu?"

"Nilimuuliza hivyohivyo, tena kwa ukali." Akafunga mkoba wake. "Akanijibu, hao wengine wote, kwenye kaboni bado hawajakosea."

Debesai akaufunga mkebe wa biskuti. Mihret aliporudi, alimshusha kwenye baiskeli, akachukua spana, akakagua mara ya tatu.