Siku Niliyowapeleka Wagonjwa kwa Marehemu

Mpaka leo nikifika karibu na hospitali ile navuka barabara, najifunika uso kwa kitambaa kama mtu anayekwepa vumbi, ingawa mji mzima wa Tabora unajua ninachokwepa si vumbi. Kuna aibu za kuchanika suruali mbele za watu, zile watu wanacheka, na wewe unacheka, yanaisha. Hii yangu hakuna aliyecheka. Ndiyo maana haiishi.

Nilikuwa fundi kompyuta pale, peke yangu, yaani mkuu wa kitengo ni mimi na wa kutumwa ni mimi. Kazi yangu kubwa ilikuwa kulea seva ya majina. Hiyo ndiyo mashine inayowajua wafanyakazi wote: nani ni nani, anakaa chumba gani, anaruhusiwa kufungua nini. Daktari akiwasha kompyuta yake, kompyuta inaiuliza seva, "Huyu ni wetu?" Hata ile sauti ya spika inayoita wagonjwa ukumbini (sauti ya kike, ya mashine, haina kwao) ilikuwa haimwiti mtu bila kuuliza kwanza seva ni daktari gani yupo, halafu inampeleka mgonjwa kwa yule mwenye foleni fupi.

Sasa seva ikawa nzito. Asubuhi ukumbi umejaa, watu wametoka Ipole huko na basi la kwanza, na spika imenyamaza kimya, haimwiti mtu. Mganga mkuu wetu, Dokta Agripina, mama asiyepaza sauti (na hilo ndilo linalotisha), akanisimamisha kwenye korido.

"Juma, watu watanifia kwenye mabenchi."

"Leo leo, daktari. Itakwenda kama upepo."

Mdomo huu! Basi nikaingia kazini. Nikaona kila swali seva inasoma jina moja moja toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetafuta neno kwenye kitabu kisicho na faharasa. Nikaitengenezea faharasa ya majina na ya vyumba. Nikaiongezea kumbukumbu, nikaiamuru ikishajibu swali ishike jibu kichwani mpaka jioni, isihangaike kutafuta tena. Mpaka hapo nilikuwa fundi. Likabaki sharti moja tu linaloivuta nyuma: kila jina, seva ilikuwa inaangalia kwanza, je, huyu bado yupo kazini? Nalo ningelitengenezea faharasa likaisha, lakini chai ilikuwa inaniita, na chapati za pale kantini zikipoa haziliki, nikasema moyoni, anayefika kazini si anaonekana kwa macho? Nikalifuta.

Seva ikaruka! Spika ikaanza kuita majina mfululizo, watu wanainuka, mabenchi yanapungua, Dokta Agripina akanipita akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikaenda kukaa na chai yangu kifua mbele kama jogoo.

Ndipo nikasikia: "Mzee Said Kaombwe, nenda kwa Dokta Mihayo, chumba namba tatu."

Nikaacha chai mezani, nikatoka mbio. Dokta Mihayo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mji mzima ulimzika. Jina lake halikufutwa kwenye seva kwa sababu faili za wagonjwa wake bado zilikuwa zinalitaja, liliwekewa alama tu kwamba hayupo, na alama hiyo ndiyo niliyoiambia mashine isiiangalie. Na mashine inampeleka mgonjwa kwenye foleni fupi (niambie wewe, nani ana foleni fupi kuliko marehemu?).

Nikafika ukumbini. Watu wa mjini wametazama chini, wameshika vifua. Mzee Said, mrina asali wa Ipole, macho yake yana mtoto wa jicho, hajui habari, alikuwa ameshapapasa ukuta akaingia chumba namba tatu. Chumba kile tangu msiba hakuna daktari aliyekubali kukaa, tulikuwa tunaweka maboksi ya faili kuukuu, na mlango hufungwa kwa ufunguo. Siku hiyo ulikuwa wazi. Mfanya usafi aliapa si yeye aliyeufungua, na mimi sijauliza tena.

Kabla sijamfikia, mzee akatoka mwenyewe.

"Shikamoo mzee, pole, umekosea chumba," nikasema.

"Marahaba. Sijakosea. Daktari hakunisemesha, lakini nimemsikia anaandika."

Panya. Maboksi yale yalijaa panya, najua, nimewaona kwa macho yangu. Lakini ndani sikuchungulia.

Nikakimbilia chumba cha seva, nikalirudisha sharti nililolifuta, nikarudi ukumbini nikijipangusa jasho, nikidhani yamekwisha. Spika ikamwita mama mmoja mwenye mtoto mgongoni: kwa Dokta Mihayo, chumba namba tatu. Mama yule hakuinuka kwenda kokote isipokuwa getini, na viatu aliviacha. Kumbe (kwa hofu nilisahau) nilishaiamuru mashine ishike majibu kichwani mpaka jioni, na kichwani mwake Dokta Mihayo alikuwa yupo, mzima, anasubiri wagonjwa.

Badala ya kwenda kuifuta hiyo kumbukumbu, nikafanya ujinga wa pili. Nikachukua kipaza sauti cha mapokezi nikatangaza, "Ndugu wagonjwa, msiogope! Dokta Mihayo alishafariki zamani, asiwatishe mtu!"

Wasiojua wakajua hapo hapo. Bibi mmoja akapiga yowe, watu wakaanza kusukumana mlangoni, na katikati ya vurugu ile nikamwona mama mmoja ameketi benchi la tatu, ametulia, mtandio mweupe, mkoba mapajani. Mama Tabitha. Mjane wake. Alikuja kupimwa presha.

Na spika, bila haya, ikasema: "Tabitha Mihayo, nenda kwa Dokta Mihayo, chumba namba tatu."

Ukumbi wote ukasimama. Mama akainuka. Nikamkimbilia, nikamzibia njia, nikapiga magoti mbele ya watu wote.

"Mama, nisamehe, ni mashine, ni mimi nimeiharibu, usiingie."

Akanitazama kama vile nimetoka mbali sana.

"Nipishe, mwanangu. Wito haukataliwi, hukataliwa neno."

Akaingia, akarudisha mlango nyuma yake. Hakuna aliyethubutu kumfuata, hata Dokta Agripina, aliyekuwa amesimama pembeni yangu mkono mdomoni. Mimi nikaenda kuchomoa waya wa seva ukutani, hospitali nzima ikazimika kompyuta, maabara, duka la dawa, kila kitu, watu wakahudumiwa kwa makaratasi mpaka magharibi.

Mama Tabitha alipotoka macho yake yalikuwa makavu. Akaniwekea mkono begani, akasema taratibu, ila ukumbi wote ulisikia: "Asante kwa kuniita. Ila usiniite tena."

Kazi niliiacha mwenyewe kabla sijaachishwa. Sasa nina kibanda cha kutengeneza simu mtaa wa Ipuli, hapa hapa mjini. Nimejiapiza sitalifuta tena sharti ambalo sijui aliyeliweka aliliweka kwa nini. Na mtu akinilalamikia kwamba mfumo fulani unachelewa kujibu, namwambia avumilie kidogo, labda unahakikisha kwanza kama huyo anayemtafuta yupo.