Wakija Kuniombea, Najifanya Nimelala

Admin, nifichie jina. Naandika kwa kidole kimoja kinachotetemeka, kwa hivyo mnisamehe makosa.

Nina miaka themanini na minne, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa huku Keringet. Kuna jambo nimelificha hata kwa mke wa mwanangu, anayenilisha. Kila Alhamisi kina mama wa kanisa wanapokuja kuniombea, mimi huwa macho. Nikisikia lango tu, nageukia ukuta na kufumba macho.

Siwachukii. Shida ni kwamba wakimaliza kuomba husema, "Mwalimu, tuachie neno." Zamani neno lilinijia bila kulitafuta. Nilizika mke, nikazika wana wawili, na bado nilisimama mbele ya watu nikasema Mungu ni mwema. Lakini tangu madaktari kule Nakuru waniambie nirudi nyumbani nikapumzike, nikiomba nahisi kama mtu aliyelima mpaka jua likazama, kisha akaonyeshwa shamba lingine. Mungu sijamkana. Nimechoka tu, na niliona aibu kulisema hilo. Basi nikalala.

Wakazoea kuongea mbele yangu kama mbele ya kabati.

"Angalieni vile mwalimu amelala. Kama malaika."

"Malaika gani anakoroma hivyo? Hiyo ni trekta!"

"Wewe kula viazi unyamaze. Mtu akipatana na Mungu hulala hivyo."

Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma. Jumapili iliyofuata mhubiri akawaambia watu kwamba usingizi wangu ni ushuhuda. Mke wa mwanangu aliniletea habari hiyo pamoja na uji. Nikamrudishia kikombe kikiwa kimejaa.

Sasa kuna mmoja wao, nimwite Mama Tabitha, ingawa si jina lake. Nilimfundisha kusoma akiwa mtoto. Mumewe alienda Naivasha kufanya kazi kwenye mashamba ya maua akapata mke mwingine huko, na kijana wao ana kifafa. Alhamisi moja wenzake walitangulia, yeye akabaki kukusanya vikombe. Akaketi kando ya kitanda changu.

"Mungu, mimi nimefika mwisho," akasema. "Kuomba nimeomba. Ningekuwa nimeacha kitambo, ni vile tu namwangalia huyu mzee. Yeye hajawahi kuchoka. Namwonea haya."

Akalia sana. Tangu siku hiyo hajaonekana hapa wala kanisani. Wenzake wanasema amepoa kiroho.

Nambari yake ninayo. Nikimwambia hata mimi nimechoka, naogopa nitaing'oa nguzo pekee aliyoegemea. Nikinyamaza, nitazikwa kwa sifa za uongo, naye abaki akidhani ni yeye peke yake aliyechoka. Na nikimpigia, atajua nilisikia kila neno. Sidhani nitauona mwisho wa baridi hii, kwa hivyo siwezi kungoja sana.

Nishaurini, wanangu: nimpigie, au nife kimya?

Lakini msinihurumie kabla hamjajua nililoliruka hapo juu. Mama Tabitha alipomaliza kulia, alinishika mkono akainama karibu na sikio langu. Akauliza polepole, kama alivyokuwa akiuliza darasani, "Mwalimu, unanisikia?"

Nilikoroma.